Kishikizo cha Kunolea: Msaada kwa Wachonga Miti wa Isiolo

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Maneno hayo husemwa aghalabu karamuni, lakini mchonga miti huyafahamu kuliko mlaji yeyote, maana riziki yake yote i katika ukingo wa chuma usiozidi upana wa kidole. Chombo chake kikiwa butu, mti mzuri huharibika, siku hupotea, na mara nyingi damu humwagika.

Mji wa Isiolo umekaa mlangoni pa nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, mwendo wa kilomita zipatazo 285 kutoka Nairobi. Hapo hukutana Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, na kuchonga mti ni kazi ya tangu zamani katika nchi hiyo. Mzee wa Kiturkana hutembea na kigoda chake kidogo kiitwacho ekicholong, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia kichwa. Wafuga ngamia huchonga kengele za mti, ambazo Wasomali huziita koor, wakamvika ngamia shingoni ili asipotee porini. Vyombo vya maziwa, vijiko, mipini na vigoda hutoka katika mikono ya watu ambao wengi wao hawakupata kuingia katika shule ya ufundi hata siku moja.

Tena Isiolo ni njia ya wageni. Watalii waendao kutazama wanyama katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba hupita karibu na mji huo, na barabara ya Moyale, iliyomalizika kuwekwa lami katika miaka ya 2010, imeongeza wasafiri. Mgeni anunuaye kigoda hutazama jambo moja kwanza: je, uso wake ni laini, au umejaa mikwaruzo na nyufa? Jawabu la swali hilo hutegemea sana jinsi fundi alivyonoa vyombo vyake.

HASARA YA KUNOA KWA KUBAHATISHA

Wachongaji wengi wa Kenya hutumia vyombo vilivyofuliwa na wahunzi wa jua kali kutokana na springi za magari makuukuu. Chuma hicho ni chema, maana kilitengenezwa kivumilie mizigo na mashimo ya barabarani, nacho kikipashwa moto na kuzimishwa ipasavyo hushika makali vizuri. Lakini chuma chema kikinolewa vibaya ni sawa na ng'ombe mzuri aliyekosa mchungaji.

Kosa la kwanza ni la mkono. Mtu anapoisugua patasi juu ya kinoo huku ameishika kwa mikono mitupu, mkono hupanda anapoisukuma mbele na kushuka anapoivuta nyuma. Yeye mwenyewe haoni, maana tofauti ni ndogo. Lakini baada ya kusugua mara mia, mteremko wa patasi ambao ulikuwa umenyooka huwa mviringo kama mgongo wa kobe. Chombo cha namna hiyo chaweza kung'aa kama kioo, na bado kisikate. Fundi hulazimika kukisukuma kwa nguvu zaidi. Na chombo kinachosukumwa kwa nguvu nyingi ndicho kinachoteleza na kumkata mwenyewe kiganjani.

Kosa la pili ni la moto. Fundi aliyechoka na kinoo hukimbilia cherehe ya umeme, akakigandamiza chombo hapo hata cheche zikaruka. Chuma kikianza kuonyesha rangi ya manjano kama majani makavu, joto lake limefika nyuzi 230 hivi za Sentigredi, na hiyo ni alama ya kuacha. Kikigeuka kuwa buluu, joto limekaribia nyuzi 300, nao ugumu wa ncha umepungua. Hapo hapana dawa ila kusaga sehemu yote iliyogeuka rangi mpaka kufikia chuma kizima, au kumrudishia mhunzi akipashe moto upya. Kwa njia hiyo patasi ambayo ingalidumu miaka mingi hufupishwa kwa muda mfupi.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kukosa kipimo. Kila safari fundi hunoa kwa pembe nyingine, na kila akibadili pembe hana budi kuondoa chuma kingi kabla ya kufikia ncha. Akinoa kwa pembe ile ile ya jana, huondoa chuma kidogo mno, akarudi kazini baada ya dakika chache.

PEMBE NI NINI, NAYO HUPIMWAJE?

Pembe inayosemwa hapa ni ile iliyo baina ya mteremko wa chombo na upande wake wa pili ulionyooka. Pembe ndogo hukata kwa wepesi lakini ncha yake ni nyembamba, hivyo huvunjika upesi. Pembe kubwa huvumilia mapigo ya nyundo lakini hutaka nguvu zaidi. Kwa miti laini, digrii 20 hadi 25 zafaa. Kwa miti migumu kama mpingo na mzeituni mwitu, ambayo patasi hupigwa kwa nyundo ya mti, ni afadhali digrii 25 hadi 30.

Asiye na chombo cha kupimia pembe asikate tamaa. Rula ya mwanafunzi yatosha. Pima unene wa chuma cha patasi yako karibu na mahali mteremko unapoanzia, kisha pima urefu wa mteremko wenyewe. Ikiwa urefu wa mteremko ni mara mbili ya unene, pembe ni digrii 30. Ikiwa ni mara mbili na theluthi, ni digrii 25. Ikiwa ni karibu mara tatu, ni digrii 20. Kwa mfano, patasi yenye unene wa milimita 3 ikiwa na mteremko wa milimita 6, fundi ajue kwamba amefika digrii 30.

Njia nyingine ni kutengeneza kipimo cha bati. Chora mstari wa sentimita 10 juu ya kipande cha bati la kopo. Mwisho wake simamisha mstari wa pili ulionyooka wima, wenye sentimita 4.7, kisha unganisha ncha zake mbili. Pembe iliyo nyembamba kuliko zote katika pembetatu hiyo ni digrii 25. Ukitaka digrii 20, mstari wa wima uwe sentimita 3.6, ukitaka 30, uwe sentimita 5.8. Kata bati kwa kufuata mistari, ulinganishe na chombo chako kila unapokisaga.

KISHIKIZO CHENYE GURUDUMU

Kupima ni jambo moja, na kuishika pembe isibadilike wakati wa kusugua ni jambo la pili. Ndiyo sababu mafundi wa nchi nyingi walibuni kishikizo cha kunolea. Kazi yake ni moja tu: kukishika chombo ili kila kikipita juu ya jiwe kipite kwa pembe ile ile.

Kishikizo kinachojulikana sana ni kile kilichotengenezwa na kampuni ya James Neill ya Sheffield, Uingereza, kwa jina la Eclipse, namba 36, ambacho viwanda vingine vimekiiga hata leo. Kina mashavu mawili ya chuma yanayobana patasi kwa skrubu, na chini yake kuna gurudumu dogo linalobingirika juu ya jiwe. Pembe hutegemea urefu wa chuma kilichotokeza mbele ya mashavu. Kikitokeza zaidi, pembe hupungua; kikitokeza kidogo, pembe huongezeka. Kwa kawaida, katika vishikizo vya namna hiyo, patasi iliyotokeza milimita 40 hunolewa kwa digrii 25, na iliyotokeza milimita 30 hunolewa kwa digrii 30. Chuma cha randa hukaa juu zaidi katika mashavu, kwa hiyo vipimo vyake ni milimita 50 na 38.

Kasoro ya kwanza ya kishikizo hiki huonekana siku ya pili. Fundi hupima kwa jicho, akakosea milimita 2 au 3, na pembe ya leo isiwe ya jana. Dawa yake ni kutengeneza ubao wa vituo. Twaa kipande cha ubao ulionyooka, upigilie vijiti viwili juu yake: kimoja kiwe milimita 30 kutoka ukingoni, na cha pili milimita 40. Kila unapofunga patasi, mashavu ya kishikizo yaguse ukingo wa ubao, na ncha ya patasi iguse kijiti. Kisha kaza skrubu. Hapo hakuna tena kukisia, na hata mtoto aliyetumwa kunoa atapata pembe ya baba yake.

Maarifa ya pili ni kunoa kwa pembe mbili. Mteremko wote na usagwe kwa digrii 25, kisha ncha peke yake inolewe kwa digrii 30. Safari nyingine fundi atanoa ule ukanda mwembamba wa mbele tu, usiozidi upana wa uzi, wala hatakuwa na haja ya kusugua mteremko mzima.

BOBARI YATAKA KISHIKIZO CHAKE

Hata hivyo, kishikizo chenye gurudumu kilibuniwa kwa ajili ya maseremala. Chafaa kwa patasi bapa na chuma cha randa. Lakini mchonga miti hutumia zaidi bobari, yaani patasi yenye uso wa mviringo kama nusu ya mwanzi, ambayo ndiyo inayofukua tumbo la chombo cha maziwa na kukata miviringo ya kigoda. Bobari haikai sawasawa ndani ya mashavu yale, na hata ikikaa, gurudumu halitaiacha izunguke. Hapa ndipo fundi hana budi kujitengenezea cha kwake, nacho chaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao bila kununua kitu kikubwa.

Twaa ubao wa msingi, urefu sentimita 40 na upana sentimita 30. Upande mmoja simamisha nguzo mbili fupi za mti, na juu yake weka fimbo ya chuma, nyoofu na laini, iliyolala kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mbele ya fimbo weka kinoo, urefu wake ukiwa sambamba na fimbo. Sehemu ya juu ya fimbo iwe juu kuliko uso wa kinoo kwa sentimita 5 kamili. Kipimo hiki ndicho msingi wa kazi yote, basi kipimwe pande zote mbili za fimbo.

Kisha chonga pete ya mti mgumu, ya duara, upana wake kama sentimita 5, yenye tundu katikati la kuingia shina la bobari. Ipasue nusu mbili na uzifunge pamoja kwa bolti mbili ndogo, ili iweze kukazwa na kulegezwa. Pete hii hufungwa kwenye shina la bobari. Bobari hulazwa juu ya fimbo, ncha yake ikigusa kinoo, na pete ikiwa nyuma ya fimbo, imeigusa. Kwa hiyo bobari haiwezi kwenda mbele zaidi, na umbali kutoka ncha hadi fimbo haubadiliki.

Umbali huo ndio unaoamua pembe. Pete ikifungwa sentimita 10 kutoka ncha, pembe ni digrii 30. Ikifungwa sentimita 11.8, ni digrii 25. Ikifungwa sentimita 14.6, ni digrii 20. Yafaa kuweka vijiti vya vipimo hivyo vitatu katika ubao wa vituo, sawa na vile vya patasi bapa. Pete ikisogezwa nyuma, kinoo nacho kisogezwe mbele ili ncha ikifikie, kisha kizuiwe kwa vijiti visiteleze.

Namna ya kunoa ni hii. Mkono mmoja ushike mpini, na vidole viwili vya mkono wa pili vigandamize shina kwa upole karibu na ncha. Telezesha bobari juu ya fimbo kwenda kushoto na kulia, na wakati huo huo uizungushe, ili ukingo wote wa mviringo uguse jiwe kutoka pembe moja ya ncha hadi ya pili. Kwa kuwa pete ni ya duara, hubaki imeigusa fimbo hata bobari izungushwe namna gani. Jihadhari na mambo mawili: usikawie katikati, maana ukingo utabonyea, wala usizungushe kupita kiasi, maana pembe za pembeni zitaliwa na bobari itakuwa na umbo la ukucha.

WINO HAUSEMI UWONGO

Vipimo vilivyotajwa hapa vimekaribia sana, lakini shina la kila bobari lina unene wake, hasa lile lililofuliwa kwa mkono. Basi fundi ajaribu kwa wino. Apake wino au rangi ya kalamu juu ya mteremko wote, kisha asugue mara 3 au 4 tu, na atazame. Wino ukiondoka kila mahali, pembe ni sawa. Ukiondoka nyuma peke yake, mbali na ncha, bobari imelala mno, basi pete isogezwe karibu na ncha. Ukiondoka nchani tu, bobari imesimama mno, basi pete isogezwe nyuma. Jaribio hili huchukua muda mfupi, nalo huokoa chuma kingi.

Endelea kusugua mpaka uhisi, upande wa ndani wa bobari, chuma chembamba kama unywele kilichojikunja. Kitafute kwa kupitisha kidole kutoka ndani kuelekea nje, wala si kwa kukiburuza juu ya makali. Unywele huo ni ushahidi kwamba mteremko umefika nchani. Usipouona, kazi haijaisha, hata kama chuma kinang'aa. Ukiisha kuuona mahali pote, hamia jiwe laini zaidi. Mwisho zungushia karatasi laini ya msasa kwenye kijiti cha mviringo, usugue ndani ya bobari taratibu ili kuuondoa, kisha ivute bobari juu ya kipande cha ngozi, ncha ikifuata nyuma. Ukiisukuma mbele itaikata ngozi.

Kupima ukali kwa kunyoa malaika ya mkono ni mchezo wa hatari. Kata kipande cha mti laini kwa kukingama na nyuzi zake. Alama ikiwa laini na yenye kung'aa, bobari i tayari. Ikiwa nyuzi zimechanika na kuwa nyeupe nyeupe, rudi kwenye jiwe.

TEZO NA JIWE LINALOTEMBEA

Tezo ina shida ya peke yake, kwa kuwa imefungwa kwenye mpini wake kwa kukingama, wala haiwezi kulazwa juu ya fimbo. Kwa tezo, kawaida igeuzwe: chombo kitulie na jiwe litembee. Tezo ibanwe katika jiliwa, mteremko wake ukitazama juu. Kipande cha kinoo kifungwe kwenye mwisho wa kijiti kirefu, na mwisho wa pili wa kijiti upitishwe katika tundu la ubao uliosimamishwa upande wa nyuma wa tezo, usioelekewa na makali. Jiwe linapokwenda na kurudi, kijiti huteleza katika tundu lile na kulizuia lisiinuke wala kushuka ovyo. Ukitoboa matundu matatu, moja juu ya jingine, utapata pembe tatu. Jaribio la wino hutumika hapa vile vile.

VUMBI NA MAFUTA

Isiolo ni mji wa upepo na vumbi, na punje moja ya mchanga juu ya kinoo laini yaweza kuharibu kazi ya nusu saa. Kinoo kifunikwe kwa kitambaa kila kisipotumika, na kisafishwe kabla ya kunoa. Kinoo cha maji kitumiwe kwa maji, na cha mafuta kwa mafuta mepesi. Mafuta ya kupikia yakikauka hugeuka kuwa gundi na kuziba vitundu vya jiwe. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini yana punje za chuma ndani yake, nayo hayafai kabisa.

Jambo jingine ni kwamba kinoo huliwa katikati kikawa kama mtumbwi, na hapo hata kishikizo kilicho bora hakiwezi kutoa pembe iliyo sawa. Kinyooshwe kwa kukisugua juu ya karatasi ngumu ya msasa iliyolazwa juu ya kioo. Asiye na kinoo chenyewe atumie kioo hicho hicho na karatasi za msasa wa maji za namba 240, 400, 800 na 1200, akianza na iliyo ngumu na kumalizia na iliyo laini. Kipande cha kioo cha dirisha kilicho nyoofu chatosha, mradi kingo zake zisuguliwe zisikate.

JE, NI AIBU KWA FUNDI?

Wapo wazee watakaosema, “Mwanangu, sisi tulinoa kwa mikono yetu, na vigoda vyetu vilikaliwa na babu zako.” Maneno yao ni ya kweli, na heshima yao haipungui. Mkono uliofanya kazi miaka 40 umekuwa kishikizo wenyewe. Lakini kijana aliyeanza juzi hana mkono huo, naye akingoja miaka 40 ataharibu patasi nyingi na magogo mengi kabla ya kuupata. Kishikizo humpa pembe iliyo sawa tangu siku ya kwanza, na kwa kuirudia kila siku mkono wake nao hufundishwa. Baada ya muda huenda akanoa bila kishikizo katikati ya kazi, akakitumia tu chombo kinapohitaji kusagwa upya.

Wala si ajabu kwa mchongaji kupokea maarifa ya wengine. Uchongaji wa Wakamba wa kuuza vinyago, uliojulikana duniani kote, husimuliwa kwamba ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu. Alikwenda Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, akaona huko kazi ya wachongaji wa nchi hiyo, na aliporudi kwao akaanza kuchonga kwa ajili ya biashara. Kutokana na mwanzo huo mdogo zilitoka karakana nyingi, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha chama chao cha ushirika huko Mombasa. Kama angaliona haya kujifunza kwa wageni, watoto wengi wa Ukambani wangalikosa karo.

Tena miti si kama ile ya zamani. Mpingo hukua polepole mno, kwa makumi ya miaka, na mwaka 2017 miti ya jamii yake iliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaoangalia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Katika miaka ya 1990, mashirika kadhaa yakiwamo WWF na UNESCO yaliwahimiza wachongaji wa Kenya watumie miti ipandwayo na watu na kukua upesi, kama mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Miti hiyo haina tabia moja na mpingo. Fundi mwenye kishikizo aweza kuweka bobari moja kwa digrii 20 kwa ajili ya mti laini, na nyingine kwa digrii 30 kwa ajili ya mti mgumu, naye ajue hakika ipi ni ipi. Chombo kikali hakipasui mti ovyo, na gogo ambalo lingetoa kigoda kimoja na kuni huenda likatoa vigoda viwili.

MKULIMA NA KARANI NAO WATAFAIDI

Habari hii haiwahusu wachongaji peke yao. Mkulima anayepandikiza miche ya maembe au machungwa ajua kwamba kisu butu huponda gome, na mche uliopondwa haushiki. Kisu cha kupandikizia kwa kawaida kina mteremko upande mmoja tu, nacho chaweza kunolewa kwa kishikizo kama patasi ndogo. Karani anayetengeneza kabati lake mwenyewe siku ya Jumamosi atapata faida ile ile katika randa yake.

Gharama si kubwa. Mbao ni mabaki, fimbo yaweza kuwa kipande cha chuma cha ujenzi kilicholainishwa kwa tupa, na bolti mbili ndogo hupatikana katika duka lolote la vyuma. Vijana watano wanaofanya kazi chini ya kivuli kimoja waweza kuchanga na kutengeneza kishikizo kimoja, kila mmoja akawa na pete yake mwenyewe iliyokwisha kukazwa kwenye bobari yake.

Anayetaka kujaribu na aanze na patasi moja bapa na ubao wa vituo, ambao hutengenezwa kwa muda usiozidi saa moja. Aandike juu ya ubao, kando ya kila kijiti, jina la chombo na pembe yake, ili asitegemee kumbukumbu. Akiisha kuzoea, ahamie bobari. Na kila anoapo aweke wino wake karibu, autazame kabla ya kuendelea, maana wino humwonyesha kosa likiwa bado dogo.